Ubinadamu Una Kitufe, Unachagua Asilimia

Jamani, nani aliwaambia watu wa studio kwamba mpiga ngoma ni ugonjwa unaotafutiwa dawa?

Tazama wanavyofanya. Mtu anapiga ngoma mpaka jasho linamtoka. Akishaaga tu, fundi anafungua kompyuta na kuvuta kila pigo hadi kwenye mstari wake. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una milisekunde 500 kati ya pigo na pigo. Mpiga ngoma alichelewa milisekunde 15 kwenye pigo la pili na la nne, na huko kuchelewa ndiko kulikokuwa kukiwatikisa watu mabega. Kosa hilo! Linanyooshwa. Wimbo unakauka, fundi anajikuna kichwa: mbona umepoa? Halafu, Mungu anisamehe, anabonyeza kitufe kingine cha programu ileile, ambacho kazi yake ni kurudisha ubinadamu.

Na chenyewe kinapiga ramli. Pigo hili kinalisukuma mbele milisekunde 8, lile kinalirudisha nyuma 5, bila lolote kujua la jirani limefanya nini. Mtu hachelewi hivyo. Akilivuta pigo moja mkono unakumbuka, yanayofuata yanavutika nalo, kisha anayarejesha taratibu. Kiitikio kikikaribia anaharakisha kidogo, maana naye ana damu. Ukibahatisha kila pigo peke yake hupati binadamu, unapata mlevi.

Wengine hata mpiga ngoma hawamwiti. Wanapanga mapigo kwa kipanya. MIDI, ile lugha ya kompyuta na vyombo vya muziki kuelekezana noti, imekuwepo tangu 1983, na inakupa ngazi 127 za nguvu ya kupiga. Mia moja ishirini na saba! Bwana mkubwa anaziacha zote kwenye 100, na rekodi moja ya pigo inajirudia trrrr mpaka mwisho wa wimbo. Kama ni lazima, basi jisumbue: mapigo makuu yape 105 hadi 115, yale madogo ya katikati 40 hadi 60, matoazi yapande na kushuka, na pigo moja liwe na rekodi nne au tano zinazopokezana. Ngoma ndogo icheleweshe milisekunde 10, ile ya mguu usiiguse. Jioni nzima itakuishia ukiiga kitu ambacho mpiga ngoma anakifanya huku anatafuta leso mfukoni.

Kwenye sauti ni yaleyale. Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti ya mwimbaji, ilitoka 1997, ikiwa na kipimo cha kasi ya kurekebisha. Ukikiweka sifuri, sauti inaruka kutoka noti hadi noti. Ukitaka hivyo sawa, ni mtindo. Lakini wanakiweka karibu na sifuri kwa kila mwimbaji, hata asiye na tatizo! Mtetemo wa sauti, ule wa mara 5 hadi 7 kwa sekunde, unapigwa pasi. Na mtu akiimba zile sauti za muziki wa Kiarabu zinazokaa kati ya noti mbili za kinanda, programu iliyopangiwa noti 12 inamkamata na kumpeleka noti ya karibu. Hana pa kukata rufaa.

Picha ndiyo usiseme. Iombe mashine ya akili mnemba ikuchoree mpiga gitaa: nyuzi saba, vigingi sita vya kukazia, uzi wa saba umeishia hewani. Na chini pembeni imetia sahihi! Mikwaruzo isiyosomeka. Imeona michoro mingi ina vimikwaruzo hapo, ikadhani ni sehemu ya picha. Sahihi ya nani sasa?

Na bado mtu anabonyeza mara moja, mashine inamtungia wimbo mzima, anatokea amevimba: wimbo wangu huu, msiuguse. Wako kivipi? Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho ya Marekani iliamua, na ile ya rufaa ikaafiki 2025, kwamba kazi isiyo na mtunzi binadamu haipati hakimiliki huko. Hebu mwambie basi huyo mtunzi apunguze besi kidogo. Anabonyeza tena, unatoka wimbo mwingine kabisa, mwimbaji mwingine, maneno mengine. Besi ileile.