Programu ya Uthibitisho wa Benki: Ufunguo Ubaki Simuni au Upande Winguni?

Anayeuliza achague ipi kati ya Google Authenticator, Aegis na Authy, programu za simu zinazotoa namba za muda mfupi za kuingilia akaunti, ameanzia mwisho. Mwanzo ni huu: simu ikikwapuliwa jioni ukishuka daladala, kesho asubuhi utaingiaje benki?

Kazi ya programu hizi ni ile ile. Benki inayozikubali inakuonyesha msimbo wa QR, na ndani yake mna ufunguo. Ukiuskani, simu yako na seva ya benki zinakuwa na ufunguo mmoja. Kila baada ya sekunde 30 kila upande unauchanganya na saa ya wakati huo na kupata tarakimu 6 zinazofanana. Hata bila bando namba zinatoka. Hapo ndipo SMS inapoachwa nyuma: tapeli akifanikiwa kuhamishia namba yako kwenye laini yake, OTP zote, yaani namba za mara moja ambazo benki hutuma kwa SMS, zinaingia kwake, wewe unabaki kushangaa mtandao umekwenda wapi. Ufunguo wa programu haumo kwenye laini.

Ubishi uko kwenye nakala ya akiba ya funguo. Aprili 2023 Google Authenticator iliruhusu funguo zihifadhiwe kwenye akaunti ya Google, yaani winguni, nje ya simu, na aliyepoteza simu akapata nafuu kubwa. Agosti mwaka huo huo kampuni ya Retool ya Marekani ikaonja upande wa pili. Mfanyakazi alipigiwa simu na mtu aliyejifanya wa kitengo cha TEHAMA, akamtajia namba ya uthibitisho. Kwa kupitia hapo mvamizi alifika kwenye akaunti yake ya Google, akakuta funguo nyingine zimehifadhiwa humo humo.

Aegis, ya Android pekee, haihitaji akaunti. Funguo zinakaa simuni, unaweza kuzifunga kwa neno la siri, na kutoa faili la nakala lililofungwa vilevile. Lakini ukilisahau neno hilo, hakuna wa kumpigia. Na ambaye hakutoa faili mapema, simu ikitumbukia majini, ni foleni ya tawini, kitambulisho mkononi.

Kwa akaunti yenye fedha, mizani inaelemea kwenye programu inayokuruhusu kutoa funguo mwenyewe, kwa sharti la nidhamu ya nakala. Anayejijua hana nidhamu hiyo, heri atumie wingu na kuilinda vizuri akaunti yake, kuliko kufungiwa nje. Vyovyote vile, QR ikiwa bado kwenye skrini usikimbilie kubonyeza "endelea". Iskani kwa simu mbili, kisha hakikisha zote zinaonyesha namba moja kwa wakati mmoja. Au nakili kwa kalamu ule ufunguo wa maandishi ambao kwa kawaida huwa chini yake. Usiipige picha ya skrini. Simu nyingi hupandisha picha winguni zenyewe, na mwenye picha hiyo ana ufunguo.

Namba ikikataliwa ilhali umeiandika sawasawa, shuku saa. Seva huvumilia tofauti ndogo, mara nyingi sekunde 30 mbele au nyuma. Simu iliyowekwa saa kwa mkono ikachelewa dakika mbili itakupa namba zilizokwisha kufa. Washa saa ya kujirekebisha.

SMS nayo ina utetezi ambao mara nyingi hupitiwa haraka. Ujumbe unaweza kusema: thibitisha shilingi 800,000 kwenda akaunti fulani. Tarakimu 6 za programu hazijui kiasi wala mpokeaji. Ukiziandika kwenye tovuti bandia, tapeli anazipeleka kwenye tovuti halisi kabla hazijaisha muda. Kwa hiyo zinafaa kwa kuingia. Kwa kutuma fedha, app ya benki yenyewe inayokuonyesha kiasi kabla hujaidhinisha ina nguvu zaidi.

Tena benki nyingi za kwetu hazikupi QR hata ukiomba. Zina app yao au SMS, basi. Hapo programu yako ya uthibitisho ipeleke kwenye barua pepe, maana mwenye barua pepe yako anaweza kuomba kubadilisha maneno yako ya siri kwingineko. Laini ya SMS nayo usiiache hivi hivi: ukiwa Tanzania, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua ipeleke kwa mtandao husika ifutwe.