Acha Kujificha Nyuma ya Bango

Fungua Instagram utafute mafundi wa nguo wa Dar es Salaam. Utakutana na vitenge vilevile na maneno yaleyale: "Ubora wa hali ya juu, bei nafuu, tunatuma mikoani, bei njoo DM." Ukifunika jina la akaunti, huwezi kumtambua nani ni nani. Naamini hapo ndipo wenye biashara ndogo wengi wanapopoteza wateja, na inaniuma, maana kazi wanaijua.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtaani sawa, kwa sababu jirani ameiona nguo ikivaliwa na fundi anamjua. Kwenye simu kizuri hakijiuzi. Mteja hawezi kushika kitambaa wala kugeuza nguo akague mshono. Yuko Mbeya, anatakiwa atume hela kwa mtu asiyemjua, kisha asubiri mzigo stendi. Kabla ya kuwaza rangi anajiuliza: huyu ni nani, na nikishamlipa atapokea simu yangu? Picha ya mwanamitindo uliyoiokota mtandaoni hailijibu swali hilo. Wewe ndiye unayeweza kulijibu.

Kuna fundi mmoja ninayemfuatilia kwa karibu. Video zake hazina muziki. Anatandaza kitenge mezani, anaweka kidole kwenye ndege waliochorwa, anasema: "Nikikata hivi, mgongoni ndege wote watakuwa kichwa chini. Ndiyo maana nakuomba uongeze kitambaa. Ukileta pungufu, sikushonei." Lafudhi yake ya Tanga haifichi. Mkasi ukiwa butu analalamika, unamsikia. Na kila sikukuu ikikaribia anatangaza mapema kwamba kazi za "naomba kesho" hapokei. Mtu anaweza kudhani anafukuza wateja. Mimi naona anawachagua: wanaobaki ni wale wanaothamini mkono wake, na huko kwenye maoni wanamtania, wanamwulizia mama yake, wanaleta dada zao.

Tena haya ya mwenye kazi kujulikana kwa wateja wake hayakuletwa na mitandao. Biashara ya kanga ya Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana pia kama Abdulla, ilianza Mombasa mwaka 1887, na kanga zake zikajulikana kwa chapa ya "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Nalipenda sana neno hilo "mali ya". Kuna mtu anasimama nyuma ya kitambaa chake na kukubali kuulizwa.

Lakini tusichanganye mambo. Kuonyesha ulivyo si kuanika ndoa yako, wala kutafuta kiki kwa kugombana na mshindani. Wateja hawahitaji kujua umelala wapi. Wanahitaji kujua unapenda nini katika kazi yako, unakataa nini, na mambo yakiharibika unazungumzaje. Anayeigiza uchangamfu asionao atagundulika siku mteja akimpigia simu, na hapo imani yote inakwenda.

Najua wapo watakaosema, mimi mpole, kamera siiwezi. Upole nao ni tabia, na wapo wateja wanaouhitaji; siyo kila mtu anataka kuhudumiwa na mpiga kelele. Onyesha mikono yako ikifanya kazi, sura si lazima. Au tumia sauti tu: mteja akiuliza jambo WhatsApp, mjibu kwa ujumbe wa sauti, mtaje jina, mweleze taratibu. Sauti ya mtu mtulivu anayeijua kazi yake inamtoa mteja wasiwasi kuliko bango lenye rangi kumi.

Pa kuanzia ni rahisi. Chukua swali ambalo wateja wanakuuliza mpaka umechoka nalo, kwa mfano, "Hiki kitambaa kinachuja?" Washa simu, lijibu kama unavyomjibu mteja aliyesimama dukani kwako, hata kama jibu ni "ndiyo, kinachuja, kifue peke yake mara ya kwanza." Kisha ipandishe video hiyohiyo, leo.