Rast na vitufe 12: nani aamue sauti ikae wapi?

Ukipiga rast, mojawapo ya maqamu (mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu na taarab), kuanzia C kwenye kibodi ya kompyuta, utakwama mapema, kwenye noti ya tatu. Kwa senti, yaani sehemu za mia za nusu toni, E flati iko 300 juu ya C, E yenyewe iko 400, na sauti anayoitaka mpiga qanun (ala ya nyuzi nyingi) wa Unguja au wa Cairo iko karibu na 350, juu au chini kidogo kutegemea mji na mpigaji mwenyewe. Kitufe chake hakipo. Mtengenezaji wa plagini, programu ndogo ya muziki inayoongezwa ndani ya nyingine, atafanyaje?

Wanaotetea vitufe 12 wana hoja. Tangu MIDI, lugha ya pamoja ya vyombo vya muziki vya kielektroniki, ianze mwaka 1983, noti ni namba kuanzia 0 hadi 127, na kwa urahisi huo vyombo vya kampuni tofauti vinaelewana. Prodyuza wa bongo fleva au wa kwaya mara nyingi hahitaji zaidi, na anayejifunza husaidika noti za nje ya skeli zikifungwa. Hata ndani ya taarab, akodiani, ambayo nayo ina noti 12 tu, imekaa na fidla miaka mingi, kisha kibodi ikaingia.

Wanaongeza kwamba gurudumu la kupinda sauti lipo. Kwa kawaida linapinda nusu toni mbili kila upande, kwa hatua 16,384. Ili E ishuke senti 50, unalitoa katikati, 8,192, hadi 6,144. Inawezekana, ila amri hiyo inashika chaneli nzima: C uliyoishikilia chini nayo inashuka. MPE, nyongeza ya MIDI iliyopitishwa mwaka 2018, iliipa kila noti chaneli yake, na MIDI 2.0 ya mwaka 2020 inaruhusu noti ibebe mwinuko wake yenyewe.

Je, hapo tatizo limekwisha? Sikubali. Kupinda kunafaa fidla na koo la mwimbaji, ambako sauti inatembea huku ikilia. Mpiga qanun huinua au hulaza vipande vidogo vya chuma kabla ya kugusa uzi, na uzi unabaki hapo mpaka maqamu ibadilike. Huyu anataka jedwali la sauti, yaani mwinuko wa kila noti uliopangwa mapema. Faili la Scala, programu ya kupanga skeli, ni maandishi ya kawaida yenye orodha ya senti; plagini kulisoma si kazi kubwa, na kuruhusu majedwali yabadilishwe wimbo ukiendelea ndiko kunakomfaa mpiga taarab.

Virekebishi vya sauti, programu zinazomvuta mwimbaji hadi noti iliyo karibu, vilivyoenea baada ya ile ya Auto-Tune kutoka mwaka 1997, vinanitia wasiwasi zaidi. Weka C meja, mwimbaji aimbe 350: programu inamvuta hadi 400 na rast inapotea. Weka noti zote 12, sauti inayumba kati ya 300 na 400, na asiyeijua rast atasema mwimbaji ndiye aliyetoka nje. Baadhi ya programu hizi zina skeli za robo toni (hatua za senti 50), lakini robo toni iliyopimwa sawasawa nayo haimwachii nafasi anayeishusha ile 350 kidogo kwa makusudi.

Kwa hiyo plagini ningeifungua na noti 12, jedwali likionekana ukurasa wa mbele badala ya kufichwa ndani ya menyu, kila noti ikiweza kupindwa peke yake, na kirekebishi kikiwa kimezimwa mpaka mtu akiwashe.