Kila Mtu Ni Fundi wa Gari Langu

Fungua boneti ya pikapu namba A pale Mwanjelwa, Mbeya, uone madaktari wanavyojaa. Muuza karanga anaacha karanga zake. Kijana wa bodaboda anazima pikipiki, anasogea. Mzee aliyekuwa anasubiri daladala ya Uyole anaiacha ipite, anainamia injini, anatikisa kichwa: "Nozeli hiyo." Gari lenyewe halijawashwa! Hajauliza linaumwa nini. Nozeli hiyo, ile inayopuliza dizeli ndani ya injini, basi, anarudi kusubiri daladala nyingine.

Langu ni Land Cruiser la injini ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, halina tabo ya kusukumia hewa, halina kompyuta, halina aibu. Nabebea viazi kutoka Isongole. Tulikuwa tunaelewana vizuri mpaka lilipoanza kunywa. Na si kunywa kwa staha. Dizeli ile ile niliyozoea kwenda nayo na kurudi nayo nyumbani ikawa inaishia Uyole, njiapanda, mbele ya trafiki ambaye naye ana maoni yake kuhusu nozeli.

Vyuma vimekaza, jamani. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanapotangaza bei kikomo za mafuta, mimi nakaa na redio kama mwanafunzi anayesubiri matokeo ya kidato cha nne. Mbeya lazima tuzidi Dar es Salaam, kwa sababu dizeli yetu inapanda Kitonga kwa lori na nauli yake tunailipa sisi. Kinachoniuma zaidi ni lile bomba la TAZAMA. Liko ardhini tangu 1968, linatoka Dar linakwenda Ndola, Zambia, na linapita huku huku kwetu. Tangu 2023 linasafirisha dizeli. Yaani dizeli inatupita chini ya miguu hata hodi haipigi.

Haya, matibabu yakaanza. Nozeli zikabadilishwa zote sita, maana mtaa mzima ulishatoa hukumu. Gari likaendelea kunywa. Fundi akasema basi ni pampu. Pampu ikashushwa, ikapakiwa kwenye basi, ikaenda Dar kwa bingwa. Pampu ya gari langu imekaa siti ya dirishani. Mimi mwenyewe Dar sijafika mwaka huu. Ikarudi imefungwa na lakiri, eti isiguswe. Tulipopanda Mlima Nyoka ukatoka moshi mweusi, dereva wa nyuma akawasha taa mchana.

Bingwa alikuwa ameipima pampu usawa wa bahari. Sisi tuko mita 1,700 juu. Presha ya hewa huku ni pungufu kwa karibu asilimia 18, na injini isiyo na tabo inavuta hewa iliyopo, hailetewi na mtu. Ukiilisha dizeli ya Kariakoo na hewa ya Mbeya, dizeli inabaki haijaungua, inatokea nyuma nyeusi. Zipo pampu za Toyota zilizotoka kiwandani na kifaa cha kupunguza mafuta gari likipanda juu. Yangu haina. Nikaweka filta mpya ya hewa, maana ile ya zamani ilikuwa na vumbi la Chunya la kutosha kupanda mchicha, kisha kiasi cha dizeli kinachotolewa na pampu kikapunguzwa kidogo. Moshi ukapungua. Kiu ikabaki.

Mama watoto ndiye aliyeniuliza, "Baba Neema, linakunywa kiasi gani?" Nikamwambia linakunywa sana. Akasema sana si namba. Yeye anauza viazi kwa ndoo na kwa sado, kila kitu kwake kina kipimo, hata uongo wangu.

Basi tukapima. Unajaza tenki mpaka juu, unaandika kilomita za kwenye dashibodi, unafanya kazi zako, halafu unarudi sheli ile ile, mashine ile ile, unajaza tena mpaka pale pale. Kilomita ulizotembea unagawa kwa lita ulizoongeza. Ndivyo ilivyo, haina uganga. Ugumu uko kwa binti wa sheli. Nilipomwambia ajaze mpaka juu akanitazama: "Mzee, umeuza kiwanja?" Foleni yote ikacheka. Lakini bora aibu ya foleni kuliko kuamini geji. Geji yangu nikiegesha mtaa wa Forest pua ikitazama mlima inasema nusu tenki, nikigeuza gari inasema robo, na dizeli ni ile ile, haijaenda popote.

Jibu likaja: kilomita tano na pointi kwa lita. Gari la aina hii likiwa zima, mzigo wa wastani, lifike saba, hata nane. Kabla sijakasirika mama watoto akakumbuka matairi. Aliyeniuzia gari aliweka matairi makubwa kuliko ya kiwandani ili lionekane la kibabe. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, lakini dashibodi inahesabu kwa tairi la zamani. Kwa hiyo kuna kilomita natembea bure, haziandikwi popote! Tukaziongeza kwenye daftari, ikafika karibu sita. Bado ni ulevi.

Na mzigo nao, nani anaujua? Shemeji anapiga simu: "Gunia kumi tu, shemeji." Wakala wa Vipimo wanasema gunia lisizidi kilo 100. Ukifika shambani unakuta lumbesa. Gunia limejaa, juu yake wameshona kofia, juu ya kofia kilemba. Hayo ndiyo kumi tu. Springi zinalia, mimi nalia, shemeji anapiga mluzi.

Vijiweni wao walishahamia kwenye uchakachuaji. Neno tamu hilo, halijazeeka tangu enzi zile dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, mpaka EWURA wakaanza kuweka vinasaba, alama ya siri ya kutambua mafuta halali, mwaka 2010 na serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka uliofuata. Siku hizi hata mke akichelewa kurudi sokoni, mafuta yamechakachuliwa.

Aliyenitoa kwenye balaa ni mzee mmoja wa Iyunga. Hana gereji, ana mti wa parachichi. Hakufungua kitu. Aliuliza, "Asubuhi linawaka?" Nikamwambia asubuhi ndiyo msiba wenyewe. Majirani wanasukuma huku wanatoa moshi mdomoni kwa baridi, mpaka nimezoea kuegesha pua ikitazama bondeni. Likilala hivyo linawaka. Likilala pua juu, haliwaki. Mzee akacheka peke yake muda mrefu, nikaanza kuhesabu hela kichwani.

Akakata kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, akakifunga kati ya filta na pampu, akaniambia niwashe. Tukainama wote wawili. Dizeli ilikuwa inapita, na ndani yake vipovu, vidogo vidogo, vinafukuzana kama watoto waliosikia kengele. Kisha akachomoa mpira wa kutoka kwenye tenki, akauchovya kwenye dumu la dizeli lililowekwa juu ya kiti cha mbele. Vipovu vikaisha. Injini ikatulia, nikasikia sauti niliyokuwa nimeisahau.

Akanieleza huku anapangusa mikono. Kwenye 1HZ hakuna pampu nyingine ya kusukuma mafuta toka tenkini, ile ile pampu kubwa ndiyo inayovuta. Mpira ukipasuka upande wa kuvuta, injini ikiwaka hautadondosha dizeli, unanyonya upepo. Chini pakavu, kila mtu anaapa hakuna kinachovuja. Usiku upepo unaingia, dizeli inarudi tenkini, asubuhi mnasukuma. Na nguvu ikipungua, wewe unakanyaga mafuta mpaka mwisho na unapanda Igawilo kwa gia ya pili.

Ufa wenyewe ulikuwa chini ya bodi, pale klipu inapobana, hauzidi ukucha. Nozeli sita! Pampu kwenda Dar siti ya dirishani!

Hakuishia hapo. Alishika magurudumu moja moja, la nyuma kushoto lilikuwa la moto, breki inashika yenyewe. Akafungulia maji kwenye chujio la dizeli, yakatoka kama nusu kikombe. Halafu akapapasa mpira wa rejeta, akaniuliza themostati, ile inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, iko wapi. Nikamwambia fundi aliitoa, alisema nchi za joto haihitajiki. Mzee akatazama koti langu, akatazama kofia yangu ya sufi, akauliza: "Hii Julai ya Mbeya ndiyo nchi ya joto?" Injini ya dizeli isiyofikia joto lake inaunguza mafuta ovyo, na langu lilikuwa linafika Isongole bado linatetemeka.

Bei aliyonitajia ilikuwa chini ya nauli ya pampu. Ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, mzee wangu.

Sasa linakwenda saba na kidogo, na daftari lipo. Taabu ni kwamba mama watoto alitangaza kwenye kikoba chao, kwa furaha, kwamba gari la Baba Neema limeacha kunywa. Jana shemeji amekuja na wajumbe wawili, wamekaa, wamekunywa chai yangu. Kuna harusi, kuna mchele wa kufuatwa Kyela. Kwenda na kurudi. Akanishika mkono kwa heshima zote, akaniwekea elfu kumi kiganjani ya dizeli, ambayo haifiki hata lita nne, akasema, "Itakayobaki utakunywa soda, shemeji."