Aota Iliyochanika: Kupitia Kinenani au Kupasua Kifua?

Kwenye kikao cha mchango kule Umoja, mweka hazina aliuliza swali ambalo wengi wetu tulikuwa tumelimeza: kwa nini kuagiza kibomba cha kuziba mshipa uliochanika, cha bei ghali kutoka ng'ambo, na madaktari wetu wanajua kuushona? Kijana aligongwa na matatu Thika Road akiwa amebebwa na bodaboda. Skani ilionyesha aota, mshipa mkuu wa damu, imechanika ndani ya kifua, mbele kidogo ya pale panapochipuka mshipa wa mkono wa kushoto.

Swali ni la haki. Ila linahesabu gharama ya siku moja tu.

Kushona aota ni kumlaza mgonjwa ubavu, kukata katikati ya mbavu za kushoto, kulitoa pafu hewa, kisha kuubana mshipa juu na chini ya jeraha. Hapo pa kubana ndipo panaponitia hofu. Uti wa mgongo hulishwa na vijishipa vya aota hiyohiyo. Damu ikikatwa zaidi ya nusu saa bila mashine ya kuizungusha, miguu inaweza kupooza. Mashine nayo kwa kawaida hutaka heparini ili damu isigande, na majeruhi wa barabarani mara nyingi amevuja damu kichwani au amepasuka wengu.

Njia ya kinenani haibani chochote. Waya hupandishwa kutoka mshipa wa paja hadi kifuani, kibomba cha kitambaa chenye wavu wa chuma kikafunguliwa kuziba mchaniko, kwa heparini kidogo au bila kabisa. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997, wakati wote walikuwa wakishonwa, asilimia 8.7 ya waliofanyiwa upasuaji walipooza. Kundi lilelile la watafiti liliporudi mwaka 2008, kibomba kikiwa kimeshaenea, waliopooza walikuwa asilimia 1.6. Nairudia tarakimu hii kila mara kwa sababu waliomo ndani yake wengi ni vijana. Vifo navyo vilikuwa asilimia 7.2 kwa kibomba, 23.5 kwa kushona. Wagonjwa hawakugawanywa kwa kura ili makundi yalingane, kweli, lakini pengo hilo si dogo.

Mchaniko mdogo wa utando wa ndani wa aota hauhitaji hata kimoja. Dawa za kushusha presha na skani ya kurudia hutosha.

Wanaotetea kushona wana hoja moja nzito. Katika utafiti huohuo wa 2008, mmoja kati ya watano waliowekewa kibomba alipata tatizo lililotokana nacho, hasa damu kupenya pembeni. Aota ya kijana ni nyembamba, imejikunja sana, na huendelea kupanuka kadiri umri unavyosonga. Aliyeshonwa vizuri huenda zake. Mwenye kibomba hufuatiliwa kwa skani miaka na miaka, na kijana wetu kwao ni Kitui ndani kabisa.

Niliunga mkono kibomba. Kisha nikamwomba mweka hazina afungue ukurasa mwingine daftarini: nauli na ada ya skani, mwaka hadi mwaka.