Deni la Mwanaanthropolojia Linakulia Wapi?

Mwaka 2011 Rick Scott, aliyekuwa gavana wa jimbo la Florida nchini Marekani, alisema jimbo lake halihitaji wanaanthropolojia (wasomi wa jamii na tamaduni za binadamu) zaidi, na kwamba fedha za walipa kodi zielekezwe kwenye sayansi na uhandisi. Magazeti hayakukawia kufichua kwamba binti yake mwenyewe alikuwa na shahada hiyo. Nchini Kenya kauli ya namna ile haimshangazi mtu, kwa kuwa husemwa nyumbani kila mwaka majibu ya KUCCPS, idara inayowapangia wanafunzi vyuo na kozi, yanapotoka na mtoto akajikuta amepangiwa anthropolojia Nairobi, Maseno au Moi, pengine bila hata kuiweka mbele katika chaguo lake. Mzazi huuliza: atalipa Helb, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kwa kazi gani?

Swali hilo ni la haki. Anthropolojia haina leseni wala bodi ya kusajili watu wake, na ni nadra tangazo la kazi la kaunti kuitaja kwa jina. Wahitimu wake wamezoea kuajiriwa na mashirika yasiyo ya kiserikali na miradi ya utafiti wa afya, na mlango huo ulipata pigo kubwa Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Kufikia Julai mwaka huo USAID, shirika lake la misaada, halikuwapo tena. Aidha, chini ya mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023, familia iliyowekwa katika kundi la tano, la wenye uwezo zaidi, ilitakiwa kulipa asilimia 40 ya karo kutoka mfukoni, huku mkopo ukibeba asilimia 30. Anayesema fedha hizo zingemfaa zaidi kijana katika chuo cha ufundi hasemi upuuzi.

Watetezi wa shahada hii nao hupenda kukimbilia takwimu za Marekani, ambako idara ya takwimu za kazi ilionyesha kwamba mshahara wa kati wa wanaanthropolojia na wanaakiolojia mwaka 2023 ulikuwa karibu dola 63,800 kwa mwaka, juu ya ule wa wafanyakazi wote kwa ujumla. Takwimu hiyo ni ya kweli, ila haimjibu mzazi. Inahesabu wale tu wenye cheo hicho kazini, watu wapatao 8,000 katika nchi nzima, ambao kwa kawaida wana shahada ya uzamili, na wala haisemi lolote juu ya maelfu waliosomea fani hiyo wakaishia katika kazi nyingine.

Tuiache Marekani, basi, tuipime anthropolojia kwa shahada ambazo mzazi huyo huyo angezipokea kwa vigelegele. Udaktari wa binadamu huchukua miaka 6, na katika vyuo vya umma gharama yake chini ya mfumo huo wa ufadhili ilipita nusu milioni ya shilingi kwa mwaka. Hata hivyo, mwaka 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, na moja ya sababu ni kwamba serikali ilitaka kuwalipa madaktari wanagenzi shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya takriban 206,000 zilizokubaliwa katika mkataba wa mwaka 2017. Ualimu, ambao kwa miaka mingi ulikuwa kimbilio la uhakika, uliwapokea vijana wake katika sekondari ya msingi kama wanagenzi wa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Hakuna anayesema walimu na madaktari walisomea upuuzi. Husemwa kwamba serikali imewakosea. Mwanaanthropolojia akikosa kazi, lawama humrudia mwenyewe na kozi yake.

Na kazi yake ipo, hata pale ambapo hakuna aliyetenga fungu la kuilipia. Ebola ilipotanda Afrika Magharibi mwaka 2014, timu za mazishi zilichukua maiti bila ndugu kupata nafasi ya kuaga, na watu wakaanza kuficha wagonjwa na kuzika usiku. Novemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima, ambao wanaanthropolojia wa tiba walishiriki kuutayarisha pamoja na viongozi wa dini. Karibu na nyumbani, mradi wa umeme wa upepo wa Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, ulipewa ekari 150,000 za ardhi ya wafugaji, na Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Meru ikaamua kwamba hati zake zilipatikana kinyume cha utaratibu. Nani hulisha wapi, msimu gani, na kwa ruhusa ya nani, ni maswali ambayo mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa fani hii hufundishwa kuyauliza kabla ya mtu yeyote kupima mipaka.

Lakini kazi za aina hiyo huja kwa mikataba mifupi: miezi mitatu ya kukusanya data, miezi mitano ya kungoja, kisha mradi mwingine. Hapo ndipo hesabu ya deni inapostahili kufanywa upya. Chini ya utaratibu wa zamani mwanafunzi alikopeshwa hadi shilingi 60,000 kwa mwaka, yaani 240,000 kwa miaka minne, kwa riba ya asilimia 4. Riba hiyo ni shilingi 9,600 kwa mwaka, au 800 kwa mwezi, deni ambalo hata mwenye kibarua anaweza kulibeba. Ila aliyemaliza mwaka mmoja wa kungojewa baada ya masomo na bado hajaanza kulipa hutozwa adhabu ya shilingi 5,000 kila mwezi. Adhabu hiyo ni zaidi ya mara sita ya riba. Kwa mwaka ni 60,000, sawasawa na mkopo wa mwaka mzima wa masomo, kana kwamba kijana amerudi darasani bila kufundishwa chochote. Miaka minne ya kukosa kazi ya kudumu humwongezea 240,000 nyingine, hata kabla ya riba kuhesabiwa. Deni limekuwa maradufu, na halikuongezwa na bei ya shahada ya sanaa, ambayo ni miongoni mwa zile za chini, bali na muda wa kungoja.

Bodi ya mikopo ina hoja yake. Mfuko ni wa mzunguko. Asiyelipa humnyima mdogo wake anayeingia chuoni mkopo, na wako wenye mishahara minono waliojificha kwa miaka. Mara kadhaa Bodi imewasamehe adhabu wanaolipa deni lote kwa mkupuo. Msamaha huo, hata hivyo, humfaa zaidi aliyekwisha kupata fedha.

Tanzania ilishika njia nyingine mwaka 2021 kwa kufuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo pamoja na adhabu ya asilimia 10 ya kuchelewa. Makato ya asilimia 15 ya mshahara yalibaki, nayo ni mazito kwa anayeanza maisha, lakini angalau makato ya mshahara hungoja mshahara uwepo.

Kenya haihitaji chombo kipya ili kutofautisha mkwepaji na asiye na kazi. Kila mwenye namba ya KRA, mamlaka ya kodi, hutakiwa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato yake, kufikia tarehe 30 Juni, na asiye na kipato hujaza sifuri. Mhitimu wa anthropolojia anayengoja mradi ujao huketi mwezi huo kwenye saiba, akalipa shilingi chache, akaiambia serikali kwa namba yake ya KRA kwamba mwaka mzima hakupata kitu. Serikali humpa stakabadhi. Julai inapoingia, Helb humwongezea 5,000.