Ubishi wa Kusafisha Umeme Uamuliwe na Sikio Lililofunzwa

Wapenzi wa muziki wanaonunua amplifaya na spika za gharama kubwa wamebishana kwa miaka mingi kuhusu vifaa vya kusafisha umeme. Wapo wanaoapa kwamba kifaa hicho kikikaa kati ya soketi na amplifaya, sauti ya mwimbaji hutulia na kila ala husikika mahali pake. Wapo wanaojibu kwamba mnunuzi anasikia fedha alizotoa. Naona pande zote mbili huanza kubishana kabla ya kuulizana umeme wenyewe ni wa hali gani, na anayesikiliza amejifunza kusikiliza vipi.

Hapa Uganda umeme wa nyumbani hukusudiwa kuwa wa volti 240 na hezi 50, lakini jioni, mtaa mzima unapopika na kupiga pasi kwa transfoma moja, volti hushuka hadi taa zikafifia, na umeme uliokatika unaweza kurudi kwa kishindo kinachounguza vyombo. Bwawa la Karuma lenye uwezo wa megawati 600 lilizinduliwa mwaka 2024, ila wingi wa umeme bwawani haunyooshi volti mwishoni mwa waya mrefu uliolemewa. Kwa sababu hiyo, stabilaiza nzuri, yaani kifaa kinachoiweka volti katika kiwango kimoja, kwetu ni kinga ya lazima, na sioni haja ya kumdhihaki mtu aliyeinunua.

Kulinda chombo, hata hivyo, ni jambo moja, na kuboresha sauti ni jingine. Ndani ya amplifaya, mkondo geu hupita kwenye transfoma, hugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu, kisha kapasita kubwa, yaani vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme, huulainisha kabla haujagusa muziki, na amplifaya iliyoundwa vizuri huondoa sehemu kubwa ya uchafu kwa njia hiyo. Mngurumo wa hezi 50 unaowasumbua wengi mara nyingi hutokana na vyombo viwili vilivyounganishwa na ardhi kwa njia mbili, na stabilaiza haiutibu. Tofauti ya kweli husikika, kwa mfano, kwa inveta ya bei nafuu (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa mkondo geu) inayotoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini: transfoma hulia, na hata asiyejali muziki huuliza kuna nini.

Tofauti ndogo zaidi ndizo zinazohitaji usikivu, na juu ya usikivu Buganda ina somo kubwa. Katika amadinda, marimba ya mbao 12, wapigaji wawili hukaa wakitazamana na kupishanisha mapigo yao kwa kasi, hata msikilizaji akaanza kusikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga peke yake. Mpigaji wa tatu, omukoonezi, huusikiliza wimbo unaochomoza katika sauti za chini kabisa, kisha huurudia juu, kwenye mbao mbili za mwisho. Kazi yake yote inategemea kusikia kwa makini, na usikivu huo hujifunzwa. Hata hivyo, muziki huo huo unathibitisha kwamba sikio hupanga na kuunda kile linachopokea. Anayesema “niamini, nimesikia” anasema kweli kuhusu alichosikia, lakini bado hajathibitisha kilichotoka kwenye spika.

Ndiyo maana nasisitiza kusikiliza bila kuona. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walionyesha kwamba wasikilizaji walizipa spika zile zile alama tofauti walipoziona na zilipofichwa. Vilevile, ongezeko dogo la sauti, chini ya desibeli moja, huweza kumfanya mtu aone chombo fulani ni bora bila kutambua kwamba kinapiga kwa nguvu zaidi. Wanaoyakataa majaribio haya kwa hoja kwamba yanaudharau usikivu wananishangaza, kwa kuwa ndiyo yanayoupa usikivu nafasi ya kushinda bila msaada wa macho wala bei.

Wauzaji wa Kampala wanaodai kwamba kifaa chao hung’arisha muziki wangemtendea haki mnunuzi kama wangesawazisha kiwango cha sauti, wakakificha kifaa nyuma ya pazia, wakakiunganisha na kukiondoa mara kadhaa bila mpangilio, na kumwacha aseme mwenyewe ni lini kilikuwepo, kabla hajatoa shilingi yoyote.